Kiganja Pembeni

Ya kwanza ilitoka ndani ya koti,
robota la nguo za baridi, daraja la pili,
lililofunguliwa Jumanne sokoni Arua
wachuuzi wakinyang'anyana zipu na kola.
Kaka yangu Onzima aliliacha koti.
Akabaki na picha ya mfukoni.

Mtu amelala juu ya hewa.
Hana kitanda, hana kamba.
Chini yake kuna weupe ambao mama aliapa ni pamba,
na ncha za vidole vyake zimeufikia mpira,
kama ule ni mpira,
umechongoka huku na huku mithili ya papai changa.
Juu ya paja, kwa wino wa buluu, amejiandika:
herufi moja iliyopinda kama ndoana,
kisha mstari unaokimbia
hadi ukaishiwa na karatasi.

Ayikoru alisoma Robati. Mimi nikasoma Roja.
Mwalimu Adriko akavaa miwani, akasema
hilo si jina, ni mikwaruzo,
tena imepigwa chapa kiwandani, ziko elfu kama hiyo.
Kaka akalowesha kidole kwa mate
akakipitisha polepole, pale wino unapoanza.
Wino ulikuwa na mgongo.
"Mkono umepita hapa," akasema,
akaitia ndani ya Biblia ya Kilugbara
mahali Ayubu anapomwachia Zaburi.

Ndipo soko zima likaijua homa yake.
Dereva wa lori akaleta ya pili kutoka Koboko,
akaondoka na jogoo.
Ya tatu, fremu imevunjika, aliuziwa na mjane
ambaye hakumbuki ilimfikiaje.
Sasa ni sita, ukutani, juu ya cherehani:
majitu yenye vyungu vichwani na vizimba midomoni,
na moja ambamo watu wamerundikana kama magunia ya muhogo,
unaonekana mkono mmoja tu, umetoka chini ya rundo,
haujauachia mpira.
Hiyo ndiyo anayoifuta vumbi kwanza.

Wateja huuliza, nani alishinda?
"Sijui," hujibu, sindano mdomoni.
"Picha haijafika huko."

Mimi najua anachokitafuta.
Nilikuwa na miaka tisa, juu ya ukuta wa Barifa,
penalti ya mwisho, sisi na Nebbi,
na Onzima golini na glavu za kuchomelea vyuma.
Niliona miguu yake ikiiacha ardhi.
Niliona vidole.
Lakini Candiga mpiga picha
alikuwa amebakiwa na picha moja kwenye filamu
na mgeni rasmi alitaka yake,
akinywa soda, mrija mdomoni,
ameupa mgongo uwanja.

Picha hiyo ipo.
Tumbo, tai, chupa, tabasamu,
na pembeni kabisa, nyuma ya sikio la mgeni,
kitu chenye ukungu, kikubwa kuliko kiganja cha kawaida,
kimeinuliwa.
Mwalimu Adriko husema ni mtoto anapunga mkono.
Huenda.

Juzi umeme ulikatika, nikaamka kunywa maji.
Onzima alikuwa mezani na koroboi,
mbele yake karatasi ya sukari imejaa
ndoana, ndoana, ndoana, na mstari,
O ya kwanza imetetemeka, ya kumi imenyooka kifua.
Kisha akaivuta picha ya mgeni rasmi.
Akashika pumzi, kama mtu anayetunga uzi.
Akaandika juu ya ule ukungu,
mstari ukapita shavuni mwa mheshimiwa
ukatoka nje, hadi kwenye mbao za meza.

Asubuhi zilikuwa saba ukutani.
Nilisimama mbele yake peke yangu,
nikalowesha kidole.
Nikakifutia kwenye sketi,
nikaenda kuwasha moto.